Homa Yangu Nikaidai Wapi?

Shemeji yangu ana goti. Najua kila mtu ana goti, tena wengi wetu tunayo mawili, lakini la shemeji lina kesi. Alichanjwa chanjo ya UVIKO-19 mwaka 2021, begani, mkono wa kushoto, na mpaka leo anashikilia kwamba dawa ilizunguka mwilini ikitafuta pa kukaa, ikaona goti la kulia liko wazi, ikahamia. Ukimkumbusha kwamba goti hilo liliumia uwanjani zamani sana, enzi hizo anacheza beki wa kushoto na nywele anazo, na kwamba siku ninamuoa dada yake aliingia ukumbini akichechemea, anakutazama kwa huruma.

"Shemeji," anasema, "lile lilikuwa goti la mpira. Hili ni la chanjo."

Angekuwa peke yake ningenyamaza. Lakini mtaa wetu mzima umeitwisha sindano ile mizigo ambayo punda wa Lamu angegoma kuibeba. Upara wa fundi cherehani, chanjo. Kitambi cha mwenyekiti wa serikali ya mtaa, chanjo. Mlinzi wa godauni la mbao hapo barabarani alikuwa analala lindoni tangu siku ya kwanza alipoajiriwa, kila mtu anajua, mbao zilikuwa zinaondoka zikimpita mlangoni. Zamani alilala kwa uzembe. Sasa analala kwa sababu za kitabibu, na tajiri yake anaogopa kumfukuza asije akaonekana hana utu. Yupo pia bwana mmoja ninayemdai hela tangu kabla ya korona kuingia nchini. Nikimgusia anashika paji la uso: "Kaka, tangu nichanjwe kumbukumbu imekuwa shida. Ni kiasi gani vile?" Nikitaja kiasi, anashangaa upya. Kila mwezi anashangaa upya. Nimeanza kuona kwamba kumbukumbu yake inafanya kazi vizuri mno.

Mimi sikatai kwamba sindano zinauma, wala sisemi waliougua waliigiza. Ugomvi wangu ni mwingine, na hakuna ofisi ya kuupeleka. Watu wote hawa wamepewa kitu. Mwenye goti kapewa, mwenye upara kapewa, na mimi niliyepanga foleni juani tangu alfajiri sikupata hata mafua.

Nianzie mwanzo. Rais Samia alichanjwa pale Ikulu, Dar es Salaam, tarehe 28 Julai 2021, kamera zikiangalia. Siku chache kabla ya hapo nchi ilikuwa imepokea dozi zaidi ya milioni moja za Janssen kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX. Ni ile ya sindano moja, ukichomwa umemaliza. Waliotangulizwa walikuwa watumishi wa afya, wenye maradhi sugu na watu wa miaka 50 na kuendelea. Mimi si daktari. Sukari yangu iko sawa, presha iko sawa. Nadhani umeshajua niliingia kwa mlango upi, na usiniulize zaidi.

Foleni ilikuwa na kila aina ya mtu. Mbele yangu alikuwepo bwana aliyekuja na sumaku. Alikuwa amesikia kwamba ukishachomwa, chuma kinanasa begani, na yeye si mtu wa kuambiwa, alitaka kujionea. Alijipima kwanza kabla ya sindano, sumaku ikaanguka. Alipotoka ndani akajipima tena mbele yetu sote, foleni nzima ikanyamaza. Sumaku ikaanguka mchangani. Akaiokota, akaipuliza vumbi, akajaribu juu kidogo, akajaribu chini kidogo, halafu akatutangazia kwamba huenda dawa bado haijashuka.

Zamu yangu ikafika. Nikajaza fomu ya kuridhia, nikakunja shati. Muuguzi alikuwa binti mdogo, mpole.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mkono upi huutumii sana?"

Nikampa wa kushoto. Akachoma kabla sijamaliza kujikaza, kisha akanisomea orodha yake kwa sauti ya mtu aliyeisoma tangu asubuhi. Patauma hapo penye sindano. Pengine kichwa, mwili kuchoka, viungo kuuma, homa, kichefuchefu. Hayo ni maudhi madogo madogo, baba, siku mbili tatu yanaisha yenyewe. Kunywa maji ya kutosha, yakizidi meza panadol. Ila ukiona kifua kinabana, pumzi inakata, mguu unavimba, au kichwa kinauma sana siku zinapita hakiachi, usikae nyumbani, njoo.

Nikamwambia nimeelewa. Akanielekeza kwenye benchi nikae robo saa ndipo niondoke.

Benchi lile watu walikuwa wanalilalamikia sana. Sisi tuna haraka hata pale ambapo hatuna pa kwenda. Kijana mmoja alisema wanatuweka pale ili tuonekane wengi, wapige picha. Hakumaliza sentensi. Dada aliyekaa pembeni yangu alianza kujikuna shingo, midomo ikavimba tukiitazama, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Wauguzi walikuja wawili kwa mpigo, wakamlaza, wakamchoma adrenalini pajani, wakakaa naye. Baada ya muda akawa anavuta pumzi vizuri na anaulizia mkoba wake. Hii hutokea kwa watu wachache sana, mwili unapoikataa kabisa dawa au kitu kilichomo ndani yake, na ikitokea huwa mara nyingi ni ndani ya dakika hizo za mwanzo. Ndiyo maana ya benchi. Kijana wa picha alikaa robo saa yake yote na ya ziada.

Dada yule nakutana naye sokoni. Hajawahi kulizungumza. Hana goti wala kesi. Ananunua nyanya zake, anaondoka.

Nikarudi nyumbani kuugua. Nilikuwa nimejiandaa kwa heshima zote. Kazini nilishaomba ruhusa, na bosi alinipa kwa uso wa msiba. Nyumbani palichinjwa kuku wa kienyeji, supu ikawekwa tangawizi na ndimu. Jirani akaleta majani ya mchaichai na mwarobaini endapo nitahitaji kupiga nyungu, maana mwaka mmoja kabla ya hapo nyungu ndiyo iliyokuwa kinga ya taifa, na bado kila nyumba ilikuwa na sufuria yake na blanketi lake. Nikavaa kikoi, nikajilaza, nikajifunika shuka mpaka kidevuni, nikafumba macho. Binti yangu, ambaye anasomea uuguzi, akaacha kipimajoto mezani.

Nikajipima: 36.6. Nikasubiri. Nikajipima tena: 36.5. Ilikuwa imeshuka.

Saa moja usiku nilihisi baridi kidogo, moyo ukanidunda kwa matumaini, kumbe wamewasha feni. Usiku wa manane nikasikia kichwa kizito. Nikamwamsha mke wangu. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akakitoa, akageukia ukutani bila kusema neno. Nimeishi na mwanamke huyu muda wa kutosha kujua mgongo wake unasema nini. Asubuhi nililibonyeza bega. Halikuuma. Nikalibonyeza tena kwa nguvu, likauma kidogo. Binti akanikuta nimelikandamiza kwa kidole gumba, akaniambia, "Baba, ukiendelea hivyo utaumia kweli, na haitakuwa chanjo."

Kuku aliyebaki akaondolewa kitandani kwangu, akapelekwa kwa wenye njaa ya kawaida.

Baadaye, chanjo ilipofunguliwa kwa watu wazima wote, mke wangu naye akaenda. Alirudi, akafua, akapika, akafunga hesabu za vitumbua vyake. Ilipofika saa nne usiku meno yakaanza kugongana. Mwili unawaka, mikono inatetemeka, anaomba blanketi Dar es Salaam, mji ambao hata shuka tunaliweka kwa ajili ya adabu tu. Nilikaa naye mpaka karibu na adhana ya alfajiri, namlowekea kitambaa, nampa maji na panadol. Nakiri kwamba katikati ya huruma nilikuwa na wivu. Ile ilikuwa homa yenyewe, iliyokamilika, niliyoahidiwa mimi. Kulipopambazuka nikasikia mafuta yanachemka uani. Alikuwa anachoma vitumbua. Nikamuuliza anajisikiaje.

"Kilikuwa kitu kidogo tu," akasema, na hajalirudia tena tangu siku hiyo.

Binti yangu ndiye aliyenieleza kinachotokea. Alisema ndani ya mwili kuna sungusungu. Chanjo inachofanya ni kuwaonyesha picha ya mwizi, mwizi mwenyewe hayupo, lakini wao wakishaiona hawaulizi, wanapiga filimbi, wanatoka na marungu. Ile fujo ya filimbi ndiyo homa, na pale penye sindano ndipo walipokusanyikia, ndiyo maana pamevimba. Ubongo wenyewe ndio unaopandisha joto kwa makusudi. Fujo ikitulia, sungusungu wanabaki na picha kichwani, na siku mwizi akija kweli wanamjua kwa sura.

"Basi mimi sungusungu wangu wamelala," nikasema.

"Hapana baba, wengine wanafanya kazi bila kelele. Kutougua si kwamba haijashika."

Ningeridhika na jibu hilo laiti nisingekwenda kijiweni jioni. Kijiwe chetu cha kahawa kipo kwenye kona, chini ya mkungu, na msimu ule hapakuwa na habari nyingine. Kila aliyekaa alikuwa anatoa ushuhuda. Mmoja aliota anazungumza Kichina, na hiyo alichomwa Janssen, sijui angechomwa Sinopharm angeamka Beijing. Mmoja alisikia ladha ya shaba siku nzima. Dereva bodaboda alisema mkono ulikuwa mzito hata breki haikamatiki, ikabidi agonge kibanda cha chipsi. Kibanda kile kilishagongwa naye mara nyingi kabla ya hapo, lakini hakuna aliyetaka kuharibu ushuhuda. Yupo hata aliyelala siku mbili kwa homa, akapona, akasifiwa kwa ujasiri, halafu ikaja kujulikana kwamba cheti alikipata kwa njia ya panya na sindano yenyewe hakuiona. Alipoulizwa alikasirika. Homa ilikuwa ya kweli, akasema, shahidi ni mama watoto.

Ikafika zamu yangu.

"Wewe ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

Kikombe cha kahawa kikasimama hewani. Mzee mmoja akatikisa kichwa pole pole.

"Basi wewe ulichomwa maji."

Hukumu ikapita hapo hapo, kwa kauli moja. Nikatetea: nilikiona kichupa, nilimwona muuguzi akivuta dawa. Wakasema ndivyo wanavyofanya. Nikaonyesha cheti changu chenye alama zile za mraba za kupigwa picha na simu. Wakasema cheti hata yule bwana anacho.

Nikarudi nyumbani nimenuna, nikamweleza binti. Akacheka, kisha akaniletea habari iliyonimaliza kabisa. Kuna watafiti wa Boston waliokusanya majaribio 12 ya chanjo za korona, yenye watu zaidi ya 45,000, matokeo yakachapishwa Januari 2022. Kwenye majaribio ya namna ile baadhi ya watu huchomwa dawa na wengine huchomwa kitu kisicho na dawa, mfano maji ya chumvi, na hakuna anayejua kapata kipi. Waliochomwa kisicho na dawa, zaidi ya theluthi moja, baada ya sindano ya kwanza walilalamika kichwa kinauma, mwili umechoka na mengine ya aina hiyo. Hawakuwa waongo. Walikuwa wameambiwa huenda wakaumwa, wakajisikiliza mwili siku nzima, na mwili ukisikilizwa sana haukosi la kusema. Watafiti wakapiga hesabu kwamba sehemu kubwa ya malalamiko ya namna hiyo baada ya sindano ya kwanza, kama robo tatu hivi, ingekuwepo hata bila dawa.

Nikalala nikiwaza. Kwa hiyo kuna Wamarekani waliochomwa maji matupu wakaumwa kichwa, wakalala, wakaletewa supu na wake zao. Mimi nimechomwa dawa kamili, tena niliyejiandaa kwa kuku, na sikufikia hata kiwango cha maji.

Ningeishia hapo, lakini mtoto akishaanza kusoma hajui kunyamaza. Akaendelea kwamba maudhi haya huwapata zaidi vijana. Kwenye majaribio ya Janssen yenyewe, walio chini ya miaka 60 waliopata homa walikuwa takriban 13 katika kila 100. Waliofika 60 na kupita, watatu tu. Kinga ya mwili nayo inazeeka, akasema, inapokea mambo kwa utulivu.

"Mimi sijafika 60," nikamkumbusha.

"Najua baba."

Alisema kwa upole, na upole ndio ulioniuma. Serikali yenyewe inamstaafisha mtumishi kwa lazima akifika 60, na kumruhusu kwa hiari akifika 55. Mwili wangu, bila kunishirikisha, ulikuwa umechukua ule wa hiari. Sasa nikaelewa kwa nini pale kijiweni wenye homa walikuwa wanaeleza kwa kifua mbele. Walikuwa wanatangaza ujana. Fundi cherehani ana wajukuu watano, lakini alitetemeka usiku kucha, kwa hiyo ni kijana. Mimi ni marahaba.

Mama yangu mzazi haya mambo hayamgusi. Yeye alichanjwa ndui akiwa msichana kijijini, na kovu analo mpaka leo, pana, lenye mikunjo. Chanjo ile haikuwa na maudhi madogo madogo. Ngozi ilikwanguliwa au kudonolewa, pakaota lengelenge, likajaa usaha, likakauka likawa gaga, gaga likadondoka baada ya wiki kama tatu, kovu likabaki. Kwapa linavimba, homa inapanda, na shamba linakusubiri. Nilimuuliza waliambizana nini kuhusu maumivu yale. Akanitazama. "Tulikuwa tumeiona ndui yenyewe," akasema, "tungelalamikia nini?"

Hapo ndipo huwa namkumbuka bwana mmoja Msomali, Ali Maow Maalin. Alikuwa mpishi wa hospitali pale Merka, pwani ya Somalia, kijana wa miaka 23. Mtu wa hospitali, chanjo ziko mlango wa pili. Wachanjaji walipopita, yeye aliwakwepa, kwa sababu moja tu: aliona sindano ile inauma mkono. Oktoba 1977 likaja gari lenye wagonjwa wawili wa ndui wanaopelekwa kutengwa, dereva hajui njia. Maalin akapanda kuwaelekeza. Ni safari ya dakika chache. Siku kama kumi baadaye akaugua. Mwanzoni wakadhani malaria, kisha tetekuwanga, mpaka ikathibitika kwamba ni ndui, na wakubwa wa afya wakaanza kuwasaka watu wote aliokutana nao na kuwachanja. Alipona, na hakuna aliyeambukizwa naye. Tangu hapo hakuna tena binadamu aliyeupata ugonjwa ule kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 dunia ikatangazwa haina ndui. Ugonjwa uliozika mamilioni kwa mamilioni, wafalme na watumwa, ulimalizikia kwa mpishi aliyeuonea huruma mkono wake.

Ninachompendea Maalin ni kwamba hakukaa kijiweni. Miaka ya baadaye alizunguka Somalia kwenye kampeni za polio, anawasimulia wazazi yaliyompata ili wasifanye alivyofanya. Alikuwa kwenye kazi hiyo hiyo mwaka 2013 alipougua malaria, akafariki.

Ukiacha kovu la mama, nyumbani kwetu kuna makovu ya BCG, ile ya kifua kikuu, wanayochomwa watoto wakizaliwa. Nayo inatoa kidonda baada ya wiki kadhaa, kinatunga, kinapasuka, na bibi wote wa ukoo wanakuja na dawa ya kupaka wakati kliniki imesema msipake kitu. Sisi Watanzania tunachomwa begani, mkono wa kulia. Wenzetu Wakenya wanachomwa mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Mtani wangu wa Mombasa anasema mtu akikataa uraia pale Holili usimwombe karatasi, mwambie akunje shati.

Na watoto ndio wenye haki ya kulalamika kuliko sisi sote. Wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, mtoto anachomwa pajani ile sindano moja ya magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na ile bakteria inayoleta homa ya uti wa mgongo. Binti anasema hiyo sehemu ya kifaduro ndiyo yenye kelele. Sihitaji kusomea ili nijue. Katika nyumba zetu za kupanga, kuta zetu zikiwa hivi zilivyo, "mtoto kachomwa leo" ni taarifa inayozunguka vyumba vyote kabla ya magharibi ili kila mtu ajue usiku utakuwaje. Paja limevimba, joto limepanda, mtoto analia mpaka sauti inakauka. Mama anambeba. Baba anakumbuka ghafla kwamba kesho ana safari ya mapema, anahamia kochi la sebuleni kwa jirani. Asubuhi mtoto anacheka na kila mtu, kasahau. Nimeona watoto wengi wakipitia hayo na sijamsikia hata mmoja akizungumzia goti.

Sasa, wapo walioumia kweli, na hili silifanyii mzaha. Janssen hii hii, Marekani waliisimamisha kwa siku kumi Aprili 2021, baada ya kuonekana watu wachache waliopata damu kuganda kusikotarajiwa huku chembe za kugandisha damu zikiwa zimepungua. Wengi walikuwa wanawake. Ilikuwa adimu sana, kwa mamilioni ya sindano, lakini ilikuwepo, na baadhi walifariki. Chanjo za Pfizer na Moderna nazo zikaonekana kuleta uvimbe wa misuli ya moyo kwa wachache, hasa wavulana na vijana wa kiume. Haya yalijulikana kwa sababu mtu aliumwa, akaenda hospitali, akaandikwa, na wengine wakaandikwa, mtu akakaa akahesabu. Sasa fikiria mhesabuji huyo kaja mtaani kwetu na daftari lake. Kabla hajamfikia mwenye kichwa kisichoacha, itabidi apite kwa goti la shemeji, upara wa fundi, usingizi wa mlinzi na deni langu. Atafika jioni, daftari limejaa, na yule mgonjwa wa kweli atakuwa amekaa kimya uani akiambiwa hata yeye ni hofu tu. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi ya kunyimwa homa, ingawa homa nayo sijasamehe.

Juzi juzi nikakanyaga msumari. Nilikuwa napita kwenye jengo la jirani linalojengwa, ndala zangu zimechoka, ukaingia. Zahanati wakanisafisha, wakaniuliza lini nilichomwa mara ya mwisho sindano ya pepopunda. Nikajaribu kukumbuka, muuguzi akaona nitachelewesha watu, akanichoma.

Asubuhi yake nikaamka mkono hauinuki.

Sikuamini. Nikajigeuza, ukauma. Nikajaribu kuvaa shati, ukauma mpaka nikakaa chini. Bega limevimba, la moto, jekundu kwa kiasi ambacho ngozi yangu inaruhusu. Nikamwita mke wangu aje aguse. Akagusa, nikapiga yowe, na nadhani katika ndoa yetu yote hajawahi kuniona nimefurahi vile. Nikaomba kitu cha kuufunga mkono. Akanifungia kanga yake, ile ya maua mekundu, kutoka shingoni. Panadol nikaikataa, nisije nikapoteza ushahidi, nikatoka kwenda kijiweni.

Siku hiyo walikuwa wanagombana kuhusu Simba na Yanga. Nikakaa mbele. Nikasogeza mkono. Nikaguna. Mwamuzi alikuwa kala hongo, wengine wanasema hakula. Nikaguna kwa sauti. Penalti ilikuwa halali, haikuwa halali. Nikasimama, nikakaa upya upande ule wenye kanga, na mwishowe mmoja wao akaniona.

"Kaka, mkono umekuwaje?"

"Sindano," nikasema, kwa unyonge niliokuwa nimeufanyia mazoezi njiani. "Usiku sijalala."

Mpira ukasimama. Wote wakageuka. Tangu 2021 nilikuwa nakisubiri kimya hicho.

"Sindano ya nini?"

"Ya pepopunda."

Walitazamana. Dereva bodaboda akaiangalia kanga, akaniangalia tumboni, akarudi kwenye kanga.

"Pepopunda? Si ndiyo ile mke wangu alichomwa kliniki, mimba ya mtoto wetu wa pili?"

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema fundi cherehani. "Hata binti yangu juzi kachomwa. Ana miezi mitano."

Mzee wetu wa kijiwe akainuka kwa heshima, akaipangusa nafasi yake kwenye benchi, akawaambia vijana wampishe mama kijacho akae. Nikaanza kueleza habari ya msumari, nikavua ndala nionyeshe, hakuna aliyenisikia kwa vicheko. Nikanyoosha kikombe kwa mkono mzima. Muuza kahawa akaliinua birika, akalirudisha kwenye mkaa bila kumimina. Kahawa, akasema, haimfai mjamzito.